Nguo Safi, Ngozi Salama: Kufua Nguo Katika Safari ya Hija

Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya

Kwa nini tumeandika haya

Familia inapomwandaa mzazi kwenda Hija, macho huelekea kwenye pasipoti, chanjo na dawa za presha. Nguo hukumbukwa mwishoni, na kufua hakukumbukwi kabisa. Ilhali msafiri atakaa ugenini wiki kadhaa, atatembea sana, atatoka jasho jingi na kulala karibu na watu wengi. Juni 2024, wakati wa Hija, joto la Makka lilipita nyuzi 50. Katika hali hiyo, nguo yenye jasho au unyevu inaweza kumletea mtu michubuko, fangasi na vidonda kabla hajamaliza ibada zake.

Tunachosisitiza ni hiki: nguo haijawa safi mpaka isuuzwe vizuri na kukauka kabisa. Weupe peke yake hautoshi. Kijitabu hiki kisomwe na nyumba nzima, kwa sababu anayefunga begi mara nyingi siye anayesafiri.

1. Kabla ya kuondoka

*Ihramu.* Mwanamume huvaa shuka mbili zisizoshonwa, bila nguo ya ndani. Mnunulieni jozi mbili, si moja, ili moja ikiwa kwenye kamba nyingine iwe mwilini. Shuka za taulo hufyonza jasho vizuri, lakini ni nzito na huchelewa kukauka. Za pamba nyepesi hukauka upesi. Shuka mpya zifuliwe mara moja au mbili nyumbani ili wanga na dawa za kiwandani zitoke, kitambaa kilainike na kisikwaruze ngozi.

*Sabuni isiyo na manukato.* Mtu akiwa katika ihramu hatumii manukato, na sabuni nyingi za madukani, za unga na za maji, zina harufu. Someni karatasi ya nje ya pakiti. Dawa za kulainisha nguo nazo mara nyingi zina manukato, kwa hiyo ziacheni. Shuka za ihramu huruhusiwa kufuliwa na kubadilishwa. Mwenye swali zaidi la kifikihi amuulize sheikh wa msafara kabla ya safari.

*Vifaa vidogo.* Wekeni kamba nyembamba ya kuanikia, vibanio kumi hivi, taulo mbili, mifuko miwili ya nguo chafu na mafuta mazito ya kupaka yasiyo na manukato.

*Mazoezi.* Wako wazee ambao kwa miaka mingi wamefuliwa na wake zao au watoto wao. Wiki moja kabla ya safari, mwekeeni mzee beseni na shuka moja, afue mwenyewe mkiwa karibu. Afadhali ajifunze nyumbani kuliko kwenye bafu la hoteli akiwa amechoka.

2. Kufua hotelini

Hoteli nyingi za Makka na Madina zina huduma ya dobi, na mitaani kuna maduka ya kufulia. Ukimpelekea dobi, mwambie mapema kwamba hutaki manukato. Hesabu nguo mbele yake na uzitie alama ya uzi wa rangi pembeni, maana shuka nyeupe za mahujaji zinafanana zote. Penye mashine, taulo, soksi na nguo za ndani zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60 ikiwa kitambaa kinahimili.

Kwa kufua kwa mkono, fuata hatua hizi:

1. Safisha beseni au sinki kwanza. Sinki la hoteli limenawiwa na wengi.
2. Tumia sabuni kidogo. Sabuni nyingi haiongezi usafi, bali inabaki kwenye nyuzi na kuwasha ngozi inapokutana na jasho.
3. Loweka kwa muda wa nusu saa, kisha fikicha sehemu za kwapa, kiuno na mapaja.
4. Suuza mara tatu au zaidi. Kamua maji ya mwisho kwenye kiganja: yakiwa bado yanateleza au yana povu, suuza tena.
5. Tandaza taulo kavu, laza shuka juu yake, vikunje pamoja kama mkeka, kisha kanyaga kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine. Taulo litanyonya maji mengi na shuka itawahi kukauka.
6. Anika penye hewa, nguo zikiwa zimeachana. Gusa pindo na mikunjo kabla ya kuanua, kwani unyevu hujificha hapo.

Usianike nguo juu ya taa, jiko la umeme au soketi, wala usipige pasi juu ya kitanda. Moto katika jengo lenye maelfu ya wageni ni hatari kwa wote.

Wengi huchovya ihramu au sanda katika maji ya Zamzam ili kuirudisha nyumbani. Kitambaa hicho nacho kikauke kabisa kabla ya kuingia sandukuni, la sivyo kitaota ukungu.

3. Mina, Arafa na Muzdalifa

Kuanzia tarehe 8 Dhul-Hijja msafiri huhamia kwenye mahema ya Mina, husimama Arafa tarehe 9, hulala Muzdalifa usiku unaofuata, kisha hurudi Mina. Siku hizo nafasi ya kufua ni ndogo mno. Kwa hiyo kila kitu kifuliwe na kukauka kabla ya tarehe 8, na mkoba mdogo uwe na jozi ya pili ya ihramu, taulo dogo na mfuko wa nguo zenye jasho.

Tatizo kubwa la wanaume ni michubuko ya mapajani. Kati ya Safa na Marwa ni kama mita 450, na kwenda huku na huko mara saba ni zaidi ya kilomita tatu za mapaja kusuguana. Paka mafuta yasiyo na manukato kabla ya kutembea, wala usingoje ngozi iwake. Ukirudi, osha kwa maji, pangusa bila kusugua, acha pakauke na ubadilishe shuka. Wanawake, ambao wanaruhusiwa nguo za kushona, wanaweza kuvaa suruali fupi ya pamba ndani.

Taulo, soksi na kandambili visiazimwe hata baina ya ndugu. Fangasi na upele hupita humo.

4. Wanaohitaji uangalizi zaidi

*Wenye kisukari.* Fangasi huwashika kwa urahisi, na kidonda cha mguu huchelewa kupona. Soksi zibadilishwe kila siku, na miguu ikaguliwe kila jioni, hasa katikati ya vidole.

*Wazee wanaoshindwa kuzuia mkojo.* Wabebewe nepi za watu wazima na shuka ya plastiki ya kutandika. Nguo iliyolowa ivuliwe mara moja, kwa ajili ya ngozi na kwa ajili ya twahara. Anayemhudumia azungumze naye faraghani na kwa heshima.

*Akina mama.* Nguo za ndani na vitambaa vya hedhi visianikwe kwa kufichwa chini ya nguo nyingine au ndani ya kabati. Vikikaa na unyevu huleta muwasho. Vianikwe kwenye hewa, na ikihitajika stara, vifunikwe kwa kitambaa chepesi kimoja tu.

5. Tahadhari ya dawa za kufulia

Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini isichanganywe kamwe na siki, dawa ya choo au kitu chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na bafu la hoteli ni dogo. Dawa isimiminwe kwenye chupa ya maji ya kunywa: mwenzako chumbani anaweza kuamka usiku na kuinywa.

6. Akirudi nyumbani

Mpokeeni mgeni wenu kwa furaha, lakini begi lisifunguliwe kitandani. Lifungulieni uani au bafuni, mkague mishono kama kuna kunguni. Nguo zote zifuliwe, hata ambazo hazikuvaliwa, zianikwe juani na kupigwa pasi ya moto.

Kama msafiri anawashwa sana usiku, huenda ni upele. Apelekwe kituo cha afya, na wanaoishi naye watibiwe pamoja wakielekezwa hivyo. Nguo na mashuka yake yafuliwe kwa maji ya moto. Visivyofulika vifungwe kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki moja, kwa sababu wadudu wa upele hawaishi siku nyingi nje ya mwili wa binadamu.

7. Dalili za kumwona mhudumu wa afya upesi

- Mchubuko unaotoa usaha, kuvimba au kuzungukwa na wekundu unaoenea
- Homa pamoja na kidonda cha ngozi
- Kidonda chochote mguuni kwa mwenye kisukari
- Muwasho wa usiku unaowapata watu zaidi ya mmoja chumbani
- Malengelenge au kuungua kutokana na dawa ya kufulia

Kabla ya siku ya safari, familia imuulize kiongozi wa msafara maswali mawili: mhudumu wa afya wa msafara ni nani, na atapatikana wapi? Majibu yaandikwe kwenye karatasi, nakala moja iwe mfukoni mwa msafiri na nyingine ibaki nyumbani.