TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Jirani anatuonaje, nasi tunamwonaje?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 

Miaka hii Ramadhani yetu imekuwa ikikutana na Kwaresima ya jirani zetu. Ukikaa kijiweni, au pale bodaboda wanapoegesha, utasikia kejeli mbili. Mkristo anasema: "Nyie hamfungi, mnahamisha tu chakula kutoka mchana mnakipeleka usiku." Mwislamu anajibu: "Na nyie mnafunga huku mnakula." Watu wanacheka, siku inapita.

Sawa, utani ni utani. Lakini hebu jiulize: kati ya hao wawili, nani amewahi kukaa na mwenzake akamuuliza, "Funga yenu ikoje?" Mkatoliki katika siku zake 40 anatakiwa ashike mambo matatu: kusali, kufunga na kutoa sadaka. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu anakula mlo mmoja tu wa kushiba. Siku za Ijumaa anaacha nyama. Sala, funga, sadaka: wewe mfungaji wa Ramadhani, maneno hayo ni mageni kwako?

Wageni wakishuka kwenye treni ya TAZARA hututania kwamba sisi tumeshafika Mbingu kabla ya kufa. Basi tukiwa humu humu Mbingu, Waislamu na Wakristo, tuangalie leo jambo moja: jinsi tunavyotazamana. Nimelipanga kama somo la darasani, hatua kwa hatua.

*1. SISI TUNAUONAJE UKRISTO?*

Tuanze na kilicho chetu, maana wengi wetu hatukijui. Katika Qur'ani nzima, mwanamke anayetajwa kwa jina lake ni mmoja tu, Bibi Maryam. Sura ya 19 inaitwa kwa jina lake. Nabii Isa, amani iwe juu yake, ametajwa kwa jina mara 25. Tunaamini alizaliwa bila baba, tunaamini miujiza yake, tunaamini atarudi. Mwislamu akimtukana Isa au mama yake, Uislamu wake una mushkeli.

Lakini tusidanganyane. Yapo tunayotofautiana, na si madogo. Sisi hatusemi kwamba Isa ni Mwana wa Mungu. Hatukubali Utatu. Hatukubali kwamba alisulubiwa. Mkristo naye, ukimwondolea hayo matatu, umemwondolea moyo wa imani yake. Kwa hiyo anayesema "dini zote ni sawa tu, hakuna tofauti" hajaheshimu dini yoyote, hajazisoma.

Sasa tunafanyaje na tofauti hiyo? Kumbuka hijra ya Habasha, mwaka 615 hivi. Maswahaba walipoteswa Makka, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaelekeza kwa mfalme Mkristo, Najashi, kwa kuwa kwake hapakuwa na dhuluma. Makuraishi wakatuma watu wawarudishe. Ja'far bin Abi Talib akasimama mbele ya mfalme akasoma kutoka Sura Maryam, mfalme akalia. Kesho yake Makuraishi wakachomekea fitina: waulize hawa wanasema nini juu ya Isa. Hapo Ja'far angeweza kupindisha maneno ili apate hifadhi. Hakupindisha. Alisema Isa ni mja wa Mwenyezi Mungu na Mtume wake, aliyezaliwa na Maryam mwanamwali. Na Najashi akawapa ulinzi.

Ona mambo mawili hapo. Ja'far alianza na yale wanayokubaliana. Na alipoulizwa wanakotofautiana, alisema kweli bila tusi. Ukivishika hivyo viwili una adabu yote ya mazungumzo.

*2. WAO WANAUONAJE UISLAMU?*

Hakuna jibu moja. Nitakupa matatu.

La kwanza ni la zamani. Katika karne ya 8 aliishi Yohana wa Damasko, mwanachuoni wa Kikristo ambaye familia yake ilifanya kazi serikalini kwa Bani Umayya. Yeye aliuandika Uislamu kama uzushi uliomeguka kutoka dini yake. Mtazamo huo ulidumu karne nyingi.

La pili ni la juzi juzi. Tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko liitwalo Nostra Aetate. Ndani yake Kanisa Katoliki lilisema linawatazama Waislamu kwa heshima, kwa kuwa wanamwabudu Mungu mmoja, wanamheshimu Yesu kama nabii ingawa hawakubali uungu wake, wanamheshimu Maria, wanaswali, wanatoa sadaka na wanafunga. Jirani zetu wengi hapa bondeni ni Wakatoliki. Hilo ndilo fundisho la kanisa lao, na wapo wasiolijua, kama sisi tulivyo na wasioijua Sura Maryam. Oktoba 2007 wanazuoni wa Kiislamu 138 nao waliwaandikia viongozi wa Kikristo barua wakiwaita kwenye mawili ya pamoja: kumpenda Mungu na kumpenda jirani.

La tatu ni la huku kwetu, na ni gumu zaidi. Wakristo wengi wa bara walijifunza shuleni kwamba Uislamu uliingia na misafara, na misafara iliuza watu. Sasa tuseme nini? Tuseme kweli. Wafanyabiashara wengi wa misafara ile walikuwa Waislamu, na lile soko la Zanzibar lililofungwa mwaka 1873 lilikuwa chini ya Sultani Mwislamu. Dhuluma haigeuki kuwa halali kwa sababu mtendaji anaswali. Kisha tuseme na nusu ya pili: mataifa ya Kikristo nayo yalivusha Waafrika kwa mamilioni kwenda Amerika. Na sheria yetu sisi tunaofunga, mtu akiiharibu swaumu ya Ramadhani mchana kwa tendo la ndoa, kafara ya kwanza iliyowekwa ni kumwachia huru mtumwa. Asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Asiyeweza alishe masikini 60. Dini ilifanya kumwacha mtu huru kuwa ibada. Watu wakafanya kumfunga mtu minyororo kuwa biashara. Tofauti hiyo mfafanulie jirani yako, lakini usianze kwa kukataa kwamba minyororo ilikuwepo.

Na sisi tunayo kumbukumbu yetu. Zamani za mkoloni shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazee wetu wengi waliwazuia watoto wasiende wakihofia kubatizwa. Hofu ile haikuwa ya bure. Gharama yake tukailipa kwa miaka mingi: wenzetu wakawa makarani na walimu, sisi tukabaki nyuma. Machungu hayo bado yapo mioyoni. Lakini humo humo bondeni, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara ni ya kanisa, na ni wangapi kati yetu tumezaliwa pale, tumelazwa pale, tumeuguzia wazazi pale? Kumbukumbu ya machungu na kumbukumbu ya wema zikae pamoja. Ukichagua moja tu, ushahidi wako ni nusu.

*3. MTU WA TATU ANATUONAJE SOTE?*

Ukitaka kujua ugomvi wa watu wawili, muulize aliyekaa pembeni.

Musa bin Maimun alikuwa mwanachuoni na tabibu wa Kiyahudi, aliishi Misri na akafariki mwaka 1204. Yeye aliona tauhidi ya Waislamu kuwa safi, na itikadi ya Wakristo akaiona ina kasoro. Lakini kwenye kufundisha Taurati alisema inafaa kumfundisha Mkristo kuliko Mwislamu, kwa kuwa Mkristo anakubali kwamba maandishi yale ni ya kweli. Umeona? Mtu yule yule, kwa jambo moja anatuona sisi karibu naye, kwa jambo jingine anawaona wao karibu. "Nani karibu na nani" inategemea umeulizia nini.

Sasa mtu wa tatu wa kwetu: babu zetu wa dini ya jadi. Tarehe 30 Agosti 1905, katika Vita vya Maji Maji, Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Wajerumani Mahenge. Katika vita ile vituo vya misheni vilishambuliwa. Maakida nao, ambao wengi walikuwa Waislamu wa pwani waliotumwa na Mjerumani kukusanya kodi na kusimamia kazi za shuruti, walichukiwa vile vile. Kwa macho ya babu aliyechapwa viboko shambani, padri alikuwa jirani wa Mjerumani na Mwislamu alikuwa mkono wa Mjerumani. Hakuwa amesoma Biblia wala Qur'ani. Alisoma watu.

Hata leo wapo wafugaji na wazee humu bondeni ambao hawako msikitini wala kanisani. Hawatausoma Uislamu kwenye kitabu. Watausoma kwenye mizani yako ya mpunga, na siku ng'ombe wao wakiingia shambani kwako.

*4. TUSIPOJIFUNZA, NINI KINATOKEA?*

Oktoba 2012 kule Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili walibishana. Ilivyoripotiwa, mmoja alisema anayeukojolea Msahafu hugeuka nyoka, mwenzake Mkristo akataka kujaribu. Likatokea lililotokea. Siku chache baadaye makanisa yakachomwa. Mwanzo wake ni nini? Ni mtoto wa Kiislamu aliyefundishwa jambo ambalo halimo kwenye dini, na mtoto wa Kikristo ambaye hakufundishwa kuheshimu kitabu cha mwenzake. Kisha watu wazima wakamalizia kwa moto.

Februari 2013 huko Buseresere, Geita, mabishano ya nani achinje yalifika mpaka mchungaji mmoja akauawa. Kwa ajili ya kitoweo, jamani.

Mwenyezi Mungu ametukataza kuwatusi wanaoabudiwa na wengine, wasije nao wakamtusi Yeye kwa kutokujua (Al-An'am, 108). Ametutaka tusijadiliane na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora (Al-Ankabut, 46). Ametuambia hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini (Al-Mumtahana, 8). Hizo ni amri, kama "fungeni" ilivyo amri.

*5. SWALI LA WATOTO*

Madrasa huwa naulizwa: "Ustadhi, mjomba wangu ni Mkristo. Ataingia motoni?" Kwenye ukoo wa hapa kwetu swali hilo si la kubuni. Mtoto anayeuliza amelala kwa mjomba huyo likizo nzima, na ada yake ya shule pengine analipa mjomba.

Jibu langu ni hili. Njia ya wokovu tunayoifundisha ni Uislamu, hiyo hatuifichi. Lakini kumshika mtu kwa jina lake na kumpangia makazi ya Akhera, kazi hiyo hatukupewa. Hatujui mwisho wake, na hatujui hata mwisho wetu sisi. Wajibu wako kwa mjomba umeandikwa wazi: mwamkie, msikilize, mtembelee akiumwa, mwombee uongofu kama unavyojiombea, na akifiwa uwe wa kwanza kufika. Mtume alisimama jeneza la Myahudi lilipopita. Alipoambiwa kwamba ni Myahudi, aliwakumbusha maswahaba kuwa yule naye alikuwa nafsi.

Nawaombeni wazazi, msimwachie mtoto akalitafutia swali hili majibu kwenye simu. Huko atakutana na wanaopiga kelele wa pande zote mbili. Likitulia kifuani vibaya akiwa na miaka 9, siku ya msiba wa huyo mjomba atakuwa na miaka 30, na ukoo utagombana mbele ya maiti.

*ZOEZI LA LEO*

1. Taja mambo matatu ambayo Qur'ani inasema juu ya Bibi Maryam. Usipoyajua, soma Sura Maryam leo kabla ya Magharibi, hata kwa tafsiri.

2. Muulize jirani mmoja Mkristo kuhusu Kwaresima, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize. Usimkosoe. Akikuuliza juu ya Ramadhani, mjibu kwa unalolijua. Usilolijua mwambie utauliza.

3. Kejeli moja uliyozoea kuwatupia wenye dini nyingine, iache mpaka Idi. Ukiweza mpaka Idi, baada ya Idi hutaihitaji.

4. Futari ikiiva, peleka sahani moja nyumba isiyo ya Kiislamu. Magimbi, tambi, uji, chochote kilichopo. Bila mawaidha juu yake.

Ee Mola wetu, tufundishe dini Yako kabla hatujawafundisha wengine. Zitakase ndimi zetu kama ulivyoyazuia matumbo yetu. Ujalie bonde letu mvua ya kiasi, mavuno na amani baina ya majirani, na uwarehemu waliotutangulia. Aamin.

Kesho, inshallah, tutazungumzia zaka ya mpunga: nani inamlazimu, na anapima vipi. Tarawehe leo ni saa ile ile. Ukiona tafakuri hii inafaa, mtumie mwenzako, hasa mwenye madrasa.

Wabillahi tawfiq. Swaumu njema.