Injini Inanguruma Pikipiki Ikiwa Imesimama? Kagua Kebo ya Choki Kwanza

Asubuhi za Julai hapa Nyandarua huwa na baridi kali. Mhudumu wa bodaboda anayebeba mikebe ya maziwa kabla ya mapambazuko huvuta choki ili injini ikubali kuwaka, kisha huirudisha injini ikishapata moto. Lakini kuna siku injini huendelea kunguruma kana kwamba mtu ameshikilia akseleta. Wengi hukimbilia bisibisi na kulegeza skrubu ya kasi kwenye kabureta. Kelele hupungua, ila tatizo hubaki palepale.

Tatizo hilo lina gharama. Petroli inaungua bure hata pikipiki ikiwa stejini, na plagi inajaa masizi. Hatari kubwa ni kwamba pikipiki hushtuka mbele gia inapoingizwa, na kwenye mteremko haipunguzi mwendo ipasavyo akseleta inapoachiliwa. Abiria ambaye hajakaa vizuri anaweza kuanguka.

Choki inavyofanya kazi

Injini baridi huhitaji mchanganyiko wenye petroli nyingi kuliko kawaida ili iwake. Choki huongeza petroli hiyo kwa muda mfupi tu. Katika pikipiki ambazo mkono wa choki uko kwenye usukani, kebo ndiyo inayofungua choki ndani ya kabureta. Kebo ikikazwa mno, ikiota kutu au ikibanwa chini ya tangi, choki hubaki imefunguka kidogo hata mkono ukiwa umerudishwa. Katika maeneo ya juu kama yetu, ambako hewa ni nyepesi, petroli hiyo ya ziada huonekana upesi: moshi mweusi na harufu ya petroli kwenye ekzosi.

Hatua za kufuata

1. Zima injini na uiache ipoe. Simamisha pikipiki mahali tambarare penye hewa, mbali na moto na sigara.

2. Vuta mkono wa choki na uurudishe mara kadhaa. Ukiwa mzito au ukikwama, tia matone ya oili laini ndani ya kebo. Kebo iliyochanika nyuzi ibadilishwe.

3. Rudisha choki kabisa. Shika ganda la nje la kebo karibu na kabureta na ulivute taratibu. Linapaswa kulegea takribani milimita 2 hadi 3. Lisipolegea hata kidogo, kebo imekazwa mno.

4. Ikiwa kebo ina kirekebishio, legeza nati inayokifunga, kizungushe kuingia ndani hadi ulegevu huo upatikane, kisha kaza nati. Vuta choki tena kuhakikisha bado inafunguka yote. Ikiwa hakuna kirekebishio, angalia kama ncha ya kebo imekaa vizuri kwenye kishikizo chake na kama kebo haijabanwa popote.

5. Kagua kebo ya akseleta vilevile. Weka gia huru, washa injini, kisha geuza usukani kushoto na kulia bila kugusa akseleta. Kasi ikipanda, kebo hiyo imekazwa au imepitishwa vibaya. Usiendeshe pikipiki hiyo kabla haijarekebishwa.

6. Sasa ndipo skrubu ya kasi iguswe. Acha injini ipate moto kwa dakika chache, choki ikiwa imerudishwa, kisha zungusha skrubu kidogo kidogo hadi injini itulie bila kuzimika. Pikipiki nyingi ndogo hutulia kwenye mizunguko 1,300 hadi 1,500 kwa dakika. Kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye kipimo kamili.

Kasi isiposhuka

Huenda hewa inapenya kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini. Angalia kama umepasuka au kama bana yake imelegea. Usikubali mtu anyunyizie petroli hapo injini ikiwa inawaka ili kutafuta tundu. Moto unaweza kuzuka papo hapo. Tatizo likiendelea, mpelekee fundi na umweleze hatua ulizokwisha kufuata, ili asianze kwa kubadilisha kabureta nzima ilhali kasoro ni ndogo.

Tahadhari ya nyumbani

Baadhi ya wahudumu hulaza pikipiki ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi, na alfajiri huiwasha humohumo ili ipate moto. Moshi wa ekzosi una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na inaweza kuua watu waliolala chumba cha pili. Choki ikiwa imevutwa, gesi hiyo huwa nyingi zaidi. Sukuma pikipiki hadi nje kwanza, ndipo uiwashe.

Ukaguzi huu hauchukui muda mrefu na hauhitaji zaidi ya spana ndogo, bisibisi na oili. Ufanye kabla ya kupakia abiria wa kwanza.