Kilele, Mstari na Rangi: Namna ya Kupanga Mwonekano wa Mchoro wa Jenomu

Watafiti wa jenetiki wanapotaka kuonyesha jenomu nzima ya binadamu katika ukurasa mmoja, hutumia mchoro unaoitwa mchoro wa Manhattan. Jina hilo limetokana na majengo marefu ya New York. Mkazi wa Kinole, kwenye miteremko ya Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, ana mfano ulio karibu zaidi: safu ndefu ya vilima, na hapa na pale kilele kimoja kinachopita vingine. Je, kilele hicho ni cha kweli, au kimekuzwa na jinsi mchoro ulivyopangwa? Mhudumu wa afya anayeonyeshwa mchoro wa namna hii, au mzazi wa mtoto mwenye selimundu anayeelezwa maana yake, ana haki ya kulijua jibu.

Mfano mzuri umo nchini. Mwaka 2014 Siana Nkya Mtatiro na wenzake, akiwemo Julie Makani wa Muhimbili, walichapisha katika jarida la PLoS ONE utafiti wa jenomu wa wagonjwa 1,213 wa selimundu nchini Tanzania. Walichunguza himoglobini ya kijusi, ambayo kwa kawaida hupungua sana baada ya mtoto kuzaliwa. Mgonjwa anayebaki na kiasi kikubwa cha himoglobini hiyo kwa kawaida huugua kwa nafuu zaidi, na dawa ya haidroksiurea hufanya kazi kwa sehemu kubwa kwa kuiongeza. Swali lilikuwa: ni sehemu gani za jenomu zinazowafanya wagonjwa watofautiane kwa kiasi hicho?

Katika mchoro wa utafiti wa aina hii, mhimili wa ulalo hupanga kromosomu kuanzia ya 1 hadi ya 22. Kila nukta ni sehemu moja iliyopimwa. Urefu wake katika mhimili wima unatokana na thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata uhusiano mkubwa kiasi hicho kwa bahati tu, endapo sehemu hiyo haihusiki. Programu huigeuza thamani hiyo kwa logi: moja kwa laki moja huwa 5, moja kwa milioni huwa 6. Kadiri nukta inavyopanda, ndivyo inavyokuwa vigumu kuisingizia bahati.

Programu ya R, ambayo hupatikana bila malipo, ina kifurushi cha qqman kilichotungwa kwa kazi hii. Amri ya manhattan huchora nukta kwa rangi mbili za kijivu zinazopokezana kutoka kromosomu hadi kromosomu, kisha huongeza mistari miwili: wa buluu kwenye 5, na mwekundu kwenye takriban 7.3, yaani tano kwa milioni mia moja. Mwekundu ndio kizingiti kilichozoeleka cha ushahidi. Wa buluu ni wa kudokeza tu. Tofauti kati yao si ndogo. Ukipima sehemu milioni moja zisizohusika kabisa na zisizotegemeana, takriban 10 zitavuka mstari wa buluu kwa bahati tupu.

Hapo ndipo mpangilio wa mwonekano unapokuwa suala la uaminifu. Utafiti wa Tanzania ulithibitisha maeneo mawili yaliyokuwa yanajulikana: jirani na jeni ya BCL11A katika kromosomu ya 2, na kati ya jeni za HBS1L na MYB katika kromosomu ya 6. Watafiti waliona pia maeneo mengine 8 yenye thamani ya p chini ya moja kwa milioni. Walipoyatafuta kwa wagonjwa wa selimundu wa Uingereza, hayakuthibitika, nao wakaeleza hivyo waziwazi. Kwa mipangilio ya awali ya qqman, yote 8 yangesimama juu ya mstari wa buluu. Mchoraji akitumia amri ya highlight, ambayo hupaka nukta zilizochaguliwa rangi ya kijani, maeneo hayo yangeng'aa sawasawa na BCL11A. Msomaji angehesabu ugunduzi 10 mahali ambapo uliothibitika ni 2.

Matumaini ya mgonjwa huning'inia kwenye hesabu hiyo. BCL11A si jina la kwenye karatasi tu: tiba ya kuhariri jeni iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023, hulenga kipande kinachoiendesha jeni hiyo ndani ya seli zinazozaa chembe nyekundu za damu. Kilele kilichothibitika na kilele kinachosubiri uthibitisho visipewe rangi moja. Kijani kibaki kwa vilivyothibitika. Vingine viachwe na kijivu chao, au vipewe alama tofauti inayoelezwa chini ya mchoro.

Kuna jambo la kawaida zaidi. Mchoro uliopangwa kwenye kioo cha kompyuta mara nyingi hufika kituo cha afya ukiwa nakala ya fotokopi isiyo na rangi. Mstari mwekundu na wa buluu yote huwa ya kijivu, na kizingiti hakitambuliki tena. Rangi za mistari hiyo hazibadilishwi ndani ya amri yenyewe; njia ni kuiondoa kwa suggestiveline = FALSE na genomewideline = FALSE, kisha kuichora upya: abline(h = -log10(5e-8), lty = 1) kwa mstari mzima, na abline(h = 5, lty = 2) kwa mstari wa vipande. Hilo huwasaidia pia watu wenye shida ya kutofautisha rangi. Zile kijivu mbili za nukta hazina ubaya. Wanaozibadilisha kwa rangi 22 za kupendeza humwachia mgonjwa swali lisilo na jibu: kwa nini kromosomu yangu ya 6 ni nyekundu?

Mhimili wima nao unahitaji uangalifu. Kilele cha Kimhandu katika Uluguru kina zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, lakini anayekitazama kutoka mteremkoni huona sehemu iliyobaki tu. Amri ya ylim = c(4, 9) hufanya vivyo hivyo: huficha nukta zote za chini, hivyo kilima kidogo huonekana kama mlima, na kilele chochote kinachozidi 9 hukatwa. Ni afadhali kuanzia 0. Nukta zikisongamana, cex = 0.5 huzipunguza ukubwa bila kugusa maana yake.

Mwisho ni maandishi. Mhudumu anayejua kwamba jeni ya selimundu iko kwenye kromosomu ya 11 atashangaa badiliko lenyewe la selimundu lisipoinua kilele hapo. Haliwezi kuinua, kwa kuwa kila mgonjwa aliyemo katika utafiti analo. Kilichopimwa ni tofauti zilizo baina yao. Kwa hiyo chini ya mchoro iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka hata kwenye fotokopi: «Mchoro huu unalinganisha wagonjwa wa selimundu wao kwa wao. Hauonyeshi nani ana ugonjwa. Hilo hujulikana kwa kipimo cha damu.»