Chapati za Maji Zenye Protini: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Chapati ya maji ya unga mweupe, sukari na mafuta hushibisha kwa muda mfupi. Saa nne haijafika, tumbo linadai tena na mkono unafuata andazi. Lakini chapati hiyohiyo, ikipikwa kwa kipimo na kwa viungo vinavyofaa, inaweza kumpa mtu sehemu kubwa ya protini anayohitaji kwa siku. Masharti yake ni haya, na yafuatwe yote.

Tumia unga wa dengu, usitegemee ngano peke yake. Gramu 100 za unga wa ngano zina protini gramu 10 hivi. Unga wa dengu, uleule wa kupikia bajia, una gramu 22 hivi. Tena protini ya ngano ina upungufu wa asidi amino iitwayo laisini, na dengu zina laisini kwa wingi, kwa hiyo vikichanganywa kimoja kinaziba pengo la kingine. Kwa chapati nane pima unga wa dengu gramu 100, unga wa atta (ngano isiyokobolewa) gramu 50, mayai matatu, maziwa mililita 250 na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Fanya hesabu mwenyewe: dengu 22, atta 6, mayai 18, maziwa 8. Jumla ni gramu 54 hivi, karibu gramu 7 kwa kila chapati. Mtu mzima mwenye kilo 60 anahitaji gramu 50 hivi kwa siku nzima. Akila chapati mbili na glasi ya mtindi asiotiwa sukari, ameshapata zaidi ya gramu 20 kabla hajatoka nyumbani.

Usikadirie kwa macho. Konzi moja ya dengu ndani ya bakuli la ngano inabadilisha rangi tu. Kama huna mizani, tumia kikombe kimoja siku zote: dengu vikombe viwili kwa atta kimoja.

Chekecha dengu kwanza. Unga wake hushikana madonge. Tia mayai na nusu ya maziwa, piga kwa uma mpaka rojo lilainike, ndipo umimine maziwa yaliyobaki. Ukimimina yote kwa mkupuo, madonge yataelea juu na hutayamaliza.

Liache rojo litulie nusu saa. Dengu hunywa maji polepole, na ukirudi utakuta rojo limekuwa zito. Ongeza maji kidogo kidogo. Chovya upawa, uinue, kisha pitisha kidole mgongoni mwake: mstari ukibaki wazi na rojo linachuruzika bila kukatika, lipo sawa.

Usilaze rojo lenye mayai na maziwa mezani usiku kucha. Katika joto letu vijidudu huzaliana upesi. Anayewahi kazini achanganye unga mkavu na chumvi usiku, afunike, na mayai na maziwa yaingie asubuhi.

Ivisha kweli. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Dengu mbichi ina uchungu na harufu ya majani, na hujaza tumbo gesi. Moto uwe wa kati. Mimina upawa mmoja, zungusha kikaango rojo lisambae jembamba, kisha usiguse. Juu patakuwa panang'aa kwa majimaji. Subiri mng'ao huo upotee wote, kingo zijibandue zenyewe na kuanza kuwa kahawia, ndipo upitishe mwiko chini na kugeuza. Upande wa pili upe dakika moja nzima. Chapati ya kwanza ipasue katikati, uionje. Ukisikia uchungu, punguza moto na uzipe zinazofuata muda zaidi.

Usimwage mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120 hivi, na anayetia kijiko kwa kila chapati amemwaga vijiko vinane. Choma nusu kitunguu kwa uma, kichovye kwenye mafuta, ukipake kikaangoni. Kinatosha, na kinaacha harufu nzuri.

Usitie sukari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na bora ishuke chini ya asilimia 5, yaani vijiko sita hivi vya chai. Chai yenye vijiko vitatu imekwisha kula nusu ya hivyo. Ladha itoke kwenye kitunguu, karoti iliyokunwa, giligilani na bizari.

Usitumie unga wa soya mbichi. Soya mbichi ina viini vinavyozuia mwili kumeng'enya protini. Muulize muuzaji kama soya ilikaangwa kabla ya kusagwa. Kama hajui, usinunue.

Ukitaka kuongeza karanga za kusaga, usisage zenye ukungu, hata kidogo. Moto wa jikoni hauondoi sumukuvu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na karanga hushikwa nayo vilevile. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye uchungu itupwe. Wala usiwape kuku.

Acha poda za protini za makopo. Ni ghali, na zikizidi hufanya chapati ikauke na kuwa ngumu kama mpira. Maharage ya jana au dagaa waliokaangwa na nyanya, vikikunjwa ndani, vinafanya kazi hiyo kwa bei ya sokoni.

Chai isubiri saa moja. Chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye dengu, na wanaoumia zaidi ni wajawazito na wasichana. Kula na chungwa au kamulia ndimu, maana vitamini C husaidia chuma kufyonzwa.

Mwenye ugonjwa wa figo asianze bila kumwuliza daktari wake. Kiasi cha protini anachoruhusiwa hupangwa kwa vipimo vyake, na kipimo cha jirani hakimhusu.