Kabla Dalali Hajaanza Kuhesabu Hatua

Jumamosi asubuhi, huko pembezoni mwa Dar es Salaam ambako daladala hugeuza, si ajabu kumkuta dalali anapima kiwanja kwa miguu. Bango lilisema "20 kwa 20". Mnunuzi anafikiria mita; dalali anahesabu hatua, tena hatua za mtu mwenye haraka. Nami niliuziwa hatua. Nilipokuja kumleta mpima mwenye vifaa vyake, kiwanja nilichodhani kina mita za mraba 400 kilitoka mita 18 kwa 17 na ushee. Karibu mita za mraba 90 ziliondoka na miguu ya dalali.

Hilo nililimeza. Kilichonikaa kooni ni njia. Siku nanunua, gari lilipita bila shida kwa kuwa jirani alikuwa hajajenga. Alipopandisha ukuta nikabaki na uchochoro wa mita mbili hivi. Boza la maji likawa linasimama mbali, sisi tunavuta mpira. Gari la kunyonya choo likawa halifiki kabisa. Sikuwa na la kumwambia jirani. Naye aliuziwa hadi ukingoni, kama mimi.

Baadaye nilichaguliwa katibu wa kamati ya urasimishaji mtaani kwetu. Huko nilijifunza kwamba kurasimisha mtaa uliokwisha kujengwa ni kazi ya kumbembeleza mtu asogeze ukuta wake. Kupanga shamba tupu ni kazi ya kamba na karatasi. Kwa hiyo ninayoandika hapa yanamhusu yule ambaye bado hajakata shamba, au ambaye majirani zake hawajakata.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Mji umezifuata barabara nne, ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Nyerere na ya Kilwa, kama vidole vya mkono, halafu katikati ya vidole watu wakajaza polepole, shamba kwa shamba. Ramani kuu za mji zilichorwa 1949, 1968 na 1979, na kila mara nyumba zilitangulia mbele ya ramani. Serikali nayo ilianza mradi wa viwanja 20,000 mwaka 2002. Viwanja vilipimwa kweli, bikoni zikawekwa, lakini vingi vilikuwa mbali na vikakaa vichaka kwa miaka huku wenyewe wakisubiri bei ipande. Kupima si kupanga.

Mji hausambai kwa sababu watu ni wengi tu. Unasambaa kwa sababu kila mwenye shamba anakata peke yake, anakata kikubwa, na hakuna anayekata barabara. Dawa ni majirani kukata pamoja.

Msianze na mtaa mzima. Mtaa mzima una watu wengi mno, na mkutano wake utaliwa na ajenda ya taka na ulinzi. Anzeni na wale ambao mashamba yenu yanagusana: watu saba, kumi, kumi na wawili. Kaeni chini ya mwembe wa mmoja wenu, siku isiyo ya msiba wala harusi, na mje na mtu wa kuandika. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji waalikwe tangu kikao cha kwanza. Msipowaalika, kikao cha tatu watakuwa upande wa dalali, maana dalali huwa hawasahau.

Kikao hicho cha kwanza kisijadili ramani. Kijadili nani ni mwenye shamba. Utashangaa. Kwetu, upande wa mtaa uliokuwa haujakatwa bado, kati ya mashamba tisa, matatu yalikuwa bado ya marehemu. Watoto wapo, wajukuu wapo, ila mirathi haijafunguliwa, na kijana mmoja alikuwa ameshauza kipande kwa karatasi ya daftari. Shamba la namna hiyo lisiingie kwenye mpango hadi ukoo ukae, msimamizi ateuliwe na mahakama ya mwanzo imthibitishe. Ni miezi, ndiyo, lakini ni miezi michache kuliko miaka ya kesi. Na pale penye nyumba ya wanandoa, mke asaini. Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai ridhaa yake, na mimi nadai zaidi: mama aketi kikaoni, kwa sababu yeye ndiye ajuaye maji ya mvua hupita wapi na watoto hukatiza wapi kwenda shule.

Kutoka hapo, tembeeni. Kabla ya kumlipa mtaalamu yeyote, zungukeni mashamba yote pamoja mkiwa na daftari, mkaweke alama kwenye njia zinazotumika sasa, mkondo wa maji, mti mkubwa ambao hakuna atakayekubali ukatwe, makaburi, na mahali ambapo bodaboda hushusha watu. Mtaa ukipangwa juu ya njia ambazo miguu imeshazichagua, watu hawatakuja kutoboa fensi. Tembeeni tena siku moja baada ya mvua ya masika. Mkondo unaoonekana kijito cha kuruka mwezi wa Januari, mwezi wa Aprili unabeba kuku.

Sasa lije swali ambalo lilitufikisha usiku: "Yaani nikate shamba langu, nitoe bure?" Mzee mmoja alilisema akiwa amesimama, fimbo mkononi. Hakuwa mkorofi. Alikuwa na ekari mbili, na ndizo alizonazo.

Tulimjibu kwa hesabu, na wewe utahitaji hesabu, si hotuba. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Majirani kumi wenye ekari mbili mbili wana ekari 20, yaani mita za mraba 80,940. Wakikata kila mtu kivyake, bila barabara, viwanja vya 20 kwa 20, watapata viwanja 202 kwenye karatasi. Wakikubaliana kila mmoja achangie asilimia 30 kwa barabara, mtaro, uwanja na eneo la huduma, zinabaki mita za mraba 56,658. Wakazikata viwanja vya mita za mraba 300, wanapata viwanja 188. Bei weka ya kwako. Kwa mfano tu, tuseme kisicho na njia kinauzwa milioni 5 na chenye barabara na mchoro ulioidhinishwa kinauzwa milioni 7. Upande wa kwanza ni milioni 1,010. Upande wa pili ni milioni 1,316, na hakuna kesi ya uchochoro. Mzee aliketi. Hakusema amekubali, lakini alimwambia mjukuu wake amletee kiti.

Sharti lake moja lilikuwa la haki, na lilitusaidia: kila mtu achangie kwa uwiano ule ule, hata kama barabara haikupita kwake. Anayekatwa sana alipwe kwa viwanja kutoka upande mwingine. Andikeni hivyo kwenye muhtasari, wote wasaini, nakala ibaki ofisi ya mtaa.

Hapo kwenye viwanja vya mita 300 wengi hukunja uso. Tumezoea kwamba mtu wa maana ana nusu ekari yenye ukuta. Lakini fikiria barabara ya kilomita moja yenye viwanja pande zote mbili. Kila kiwanja kikiwa na uso wa mita 40, itahudumia nyumba 50. Uso wa mita 20, nyumba 100. Uso wa mita 12 na kina cha mita 25, ambazo ndizo mita za mraba 300, nyumba 166. Bomba ni lile lile, nguzo ni zile zile, kifusi cha barabara ni kile kile. Mnapochangishana kumwaga kifusi, na mtachangishana, kila kaya italipa theluthi tu ya kile kinacholipwa na mwenye uso wa mita 40.

Na usafiri uko hivyo hivyo. Mtu mzima hutembea mita 400 kwa dakika tano au sita. Chora duara lenye nusu kipenyo cha mita hizo kuzunguka kituo cha daladala, toa asilimia 30 ya barabara na huduma: kwa viwanja vya nusu ekari utapata nyumba 170 na kitu; kwa viwanja vya mita 300 utapata zaidi ya 1,100. Daladala haziji kwa ajili ya nyumba 170. Ndiyo maana wenye nusu ekari huko nje wote hutegemea bodaboda, na nauli ya bodaboda ya mwezi ukiiweka kwenye karatasi utawapa heshima waliobanana Kariakoo, mjini kati.

Wazee wetu wa pwani hawakuhitaji kufundishwa haya. Mji Mkongwe wa Unguja na Lamu ni nyumba zilizobanana, vichochoro vya kivuli, baraza mlangoni, soko na msikiti kwa miguu. Hata nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, ilikuwa njia ya kuishi wengi kwenye kiwanja kidogo bila kugombana sana. Na hapo Magomeni, kota za zamani zilibomolewa, na kaya 644 zilizokuwa zinaishi humo zikafunguliwa maghorofa mwaka 2022, katikati ya mji, badala ya kutupwa nje. Waliopelekwa nje, Mabwepande, baada ya mafuriko ya Desemba 2011 walipata viwanja, lakini riziki yao iliendelea kuwa mjini.

Mchoro wenyewe mwachieni mtaalamu wa mipango miji aliyesajiliwa, ila kuna mambo mnayopaswa kuyajua ninyi ili asiwapitishie haraka. Shamba likigusa barabara kuu au ya mkoa, Sheria ya Barabara ya 2007 inahifadhi mita 30 kila upande kutoka katikati. Humo hamna cha kuuza. Likigusa mto, ziwa au bahari, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Pafanyeni bustani au uwanja wa watoto, na mpapande miti mapema, kwa sababu kipande kitupu kina wenyewe wengi gizani.

Halafu kuna suala la choo na kisima, ambalo karibu kila mtu hulikosea. Inashauriwa kisima kiwe walau mita 30 kutoka shimo la choo. Pima kiwanja cha 20 kwa 20 kutoka pembe hadi pembe: ni mita 28. Maana yake hata ukiweka choo pembe moja na kisima pembe ya pili, hujafika, na jirani bado hujamhesabu. Kwenye viwanja vidogo kisima cha kila nyumba kisahauliwe. Tengeni sehemu ya kisima kimoja kirefu cha pamoja upande wa juu wa mteremko, chenye tenki na magati, na muombe bomba la mamlaka ya maji kwa jina la kikundi. Kwa upande wa vyoo, hakikisheni gari la kunyonya linafika kwenye kila shimo. Mkiwa na hilo tu kichwani, upana wa barabara utajipanga wenyewe.

Kwenye barabara pana ya mtaa, ruhusuni fremu za biashara. Mipango mingi huchora duka moja kubwa pembeni na kusahau genge, fundi cherehani na mama wa chapati, halafu baada ya mwaka wote wako kwenye hifadhi ya barabara. Wapeni nafasi yao kwenye mchoro.

Kama hamna mashamba ila mna kikundi cha kuweka akiba, mlango upo pia. Shirikisho la watu maskini wa mijini lilinunua ekari 30 Chamazi kwa ajili ya waliobomolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, wakapanga viwanja vidogo na kushirikiana katika majitaka. Mkinunua kwa pamoja, mnapanga kwa pamoja, na kamba haishikwi na dalali.

Kampuni ya upangaji na upimaji mkiichagua, msilipe yote mwanzoni. Yetu ya kwanza ilichukua michango ya nyumba nyingi, ikaonekana na vifaa vyake siku mbili, kisha simu zikawa hazipokelewi. Gaweni malipo: sehemu mchoro ukikamilika na kubandikwa ofisi ya mtaa mkauona wote, sehemu halmashauri na wizara wakiuidhinisha, sehemu bikoni zikiwa chini na ramani ya upimaji imesajiliwa. Fedha zipite benki kwenye akaunti yenye wasaini watatu, na mmoja wao awe yule mzee wa fimbo. Anayetilia shaka kila kitu ndiye mhasibu mzuri.

Siku bikoni zinawekwa, kila mwenye kiwanja awepo. Piga picha kila moja ukiwa umesimama pembeni yake, na umwonyeshe mtoto mkubwa wa nyumba ilipo. Wafyatua tofali huchimba bila kutazama, na wakulima vivyo hivyo: tulipoteza bikoni tatu wiki ya kwanza kwa jembe la mtu aliyekuwa analima mihogo kwenye barabara yetu mpya. Tulimwacha avune kwanza.