Mashahbandari Wanne wa Melaka

Tukizungumzia kuishi na watu wa makabila na dini nyingine, mara nyingi tunaishia kuhimizana upendo. Ni jema, lakini upendo hauamui kesi ya mizani iliyopunjwa. Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina mwaka 622 aliweka hati ya maandishi, na ndani yake Mayahudi wa Banu Auf walitajwa pamoja na Waumini, kila upande ukibaki na dini yake. Leo tuutazame mji mwingine uliopanga mambo namna hiyo: Melaka, katika Malaysia ya sasa.

Melaka ilianza karibu mwaka 1400, na watawala wake wakasilimu katika karne hiyo ya 15. Iliishi kwa pepo za msimu, kama Kilwa na Mombasa. Mfanyabiashara wa Gujarati alisubiri miezi kadhaa hadi upepo ugeuke, huku akipakana na Wachina, Wajava na Watamil. Mreno Tomé Pires, aliyekaa hapo mara baada ya mji kutekwa, aliandika kwamba bandarini zilisemwa lugha 84. Huenda alitia chumvi, lakini picha tunaipata.

Sultani hakuwaacha wageni wategemee huruma ya wenyeji. Aliweka mashahbandari wanne, neno la Kiajemi lenye "bandari" yetu ndani yake. Mmoja aliwahudumia Wagujarati peke yao, kwa wingi wao. Wa pili alikuwa wa watu wa India kusini, Bengal, Pegu na Pasai. Wa tatu wa Java, Maluku na visiwa vya jirani. Wa nne wa Wachina na majirani zao. Shahbandari alipokea meli, akatafuta ghala, akasikiliza ugomvi wa watu wake na kuwafikisha kwa Bendahara, yaani waziri mkuu. Mchina hakutakiwa kusilimu ndipo asikilizwe. Haukuwa usawa kamili, kwani mji ulikuwa na watumwa, lakini mgeni alijua mlango wa kubisha.

Mwaka 1511 Wareno chini ya Afonso de Albuquerque waliuteka mji. Mawe ya msikiti yalijengewa ngome ya A Famosa. Wafanyabiashara Waislamu wakahamia Aceh, Johor na Banten, na biashara ikawafuata. Wadachi, walioingia 1641, waliwabana hata Wakatoliki, Wakristo wenzao. Baadaye walilegeza kamba, na ndiyo maana leo katika mitaa miwili inayofuatana utakuta hekalu la Kichina la Cheng Hoon Teng la karne ya 17, msikiti wa Kampung Kling wa 1748, na hekalu la Kihindu la 1781. Mnara wa msikiti huo umejengwa kwa umbo la pagoda, na adhana hutoka humo.

Tuje chuoni kwetu. Jumuiya yetu ina wanafunzi kutoka nchi kadhaa, na vikao huendeshwa kwa lugha ya walio wengi. Mwaka wa kwanza asiyeielewa ampelekee nani shida yake? Na yule Mkristo tunayelala naye chumba kimoja, akikoseshwa usingizi na mawaidha tunayoyafungulia sauti usiku, anamjua kiongozi wetu hata mmoja wa kumweleza? Kila darsa lijadili maswali haya mawili wiki hii na kumwandikia katibu majina ya watu wanaofaa kupewa kazi hiyo.