Salio si Faida



Mhazini anaposoma hesabu za mwaka, wengi wetu hungojea neno moja tu: salio. Likiwa kubwa, makofi. Likiwa dogo, minong'ono. Lakini salio ni fedha iliyokutwa benki na sandukuni siku hesabu ilipofungwa. Halisemi fedha hiyo ina kazi gani.

Tuseme benki mna Sh. 400,000. Kati ya hizo, Sh. 250,000 zilichangwa kwa ajili ya bati za kanisa. Huo ni mfuko maalumu; haununuliwi viti, hata kama viti vimevunjika. Fundi naye anatudai Sh. 90,000. Hilo ni deni, ingawa fedha ingali mikononi mwetu. Tulizo huru kutumia ni Sh. 60,000 tu.

Ndiyo sababu ya kuwa na mizania. Upande mmoja huandikwa mali: fedha, kiwanja, jengo, na tunayowadai wengine. Upande wa pili huandikwa madeni, pamoja na kile kibakiacho, ambacho mwenye duka hukiita mtaji. Pande hizi sharti zilingane. (Aliyeeleza utaratibu wa kuandika kila jambo mara mbili, katika kitabu kilichopigwa chapa Venice mwaka 1494, alikuwa mtawa wa Kifransisko, Luca Pacioli.) Hata hivyo, ankara iliyosahauliwa haionekani upande wowote, na mizania italingana vilevile. Basi mkutanoni mhazini aulizwe, bila kumshuku: nani anatudai ambaye hajaandikwa?